Siku Moja ya Kupumzika Watamu: Panga kwa Maji

Mara ya kwanza nilipowapeleka wapwa zangu Watamu, tulifanya kila kitu kwa saa ya mkononi. Tulitoka Mombasa alfajiri, tukafika saa nne, watoto wameshavaa nguo za kuogelea ndani ya matatu. Tukashuka ufukweni tukakuta bahari haipo. Palikuwa na mchanga mweupe, vidimbwi, mawe yenye majani ya kijani, na maji yenyewe kule mbali, mstari mwembamba nyuma ya vile visiwa vya mawe. Mdogo wao akaniuliza, "Mjomba, bahari imekwenda wapi?" Sikuwa na jibu zuri. Tukashinda kwenye vidimbwi mpaka jua likatuunguza, na saa tisa na nusu tukaanza safari ya kurudi. Wakati tunaondoka ndipo maji yalikuwa yanaingia kwa fujo, safi, rangi ya feruzi, na watoto wa mji wanayakimbilia. Wapwa zangu waliyatazama kupitia dirisha la tuktuk mpaka yakapotea.

Nimerudi Watamu mara nyingi tangu siku hiyo, na haya ndiyo niliyojifunza. Nayaandika kwa ajili ya mtu mwenye siku moja tu, au siku moja kati ya tatu, anayetaka kupumzika kwelikweli. Watamu ni mji mdogo katika kaunti ya Kilifi, zaidi ya kilomita 100 kaskazini mwa Mombasa na karibu na Malindi. Ni mji wa watalii, lakini pia ni kijiji cha Waswahili chenye misikiti, wavuvi na mama wa mahamri. Ukiupanga vizuri, siku moja inakutosha kuonja vyote viwili bila kukimbia.

Hatua ya kwanza: tazama mwezi kabla hujalipia chumba

Hapa ndipo penye siri yote, kwa hiyo nipe muda kidogo.

Katika pwani yetu bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa usiku na mchana mmoja. Kila siku huchelewa kuliko jana yake, kwa wastani wa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta maji kwa pamoja, na hayo ndiyo maji ya bamvua: hujaa sana, hupwa sana, na tofauti kati ya juu na chini hupita mita 3. Mwezi unapokuwa nusu, huwa ni maji mafu. Bahari husogea kidogo tu, kama mtu anayegeuka usingizini.

Jambo ambalo wavuvi wanalijua na wageni wengi hawalijui ni hili: pwani hii, bamvua lina saa zake. Siku ya mwezi mpevu, au ya mwezi mwandamo, maji hupwa kabisa karibu saa nne na nusu asubuhi, na hujaa karibu saa kumi na nusu alasiri. Kesho yake yanasogea mbele kidogo. Siku za maji mafu mambo hugeuka: asubuhi ya saa nne maji yamejaa, na jioni yamepwa.

Mimi huchagua siku ya mwezi mpevu au inayoifuatia. Alfajiri nakuta maji bado mengi ya kuogelea. Katikati ya asubuhi nakuta bahari imefunguka na natembea miambani. Jua kali la adhuhuri nalikimbia nikiwa nimelala, na alasiri maji yanarudi mpaka karibu na minazi. Siku nzima inajipanga yenyewe. Ukitaka kuogelea tu, na kutembea juu ya mawe hakukuvutii, basi maji mafu yanakufaa zaidi, kwa sababu maji hayaendi mbali nawe.

Kuna programu za simu zinazoonyesha saa za maji, na ni nzuri. Hata hivyo, ukifika muulize mvuvi yeyote mzee, "Shikamoo mzee. Leo maji yanapwa saa ngapi?" Atatazama bahari, atakujibu, na huenda akakueleza upepo nao. Salamu hiyo moja imenifungulia milango mingi kuliko simu yangu.

Upepo nao una hesabu yake. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huleta maji maangavu na joto kali. Kusi huanza Aprili kwa mvua za masika, na baadhi ya hoteli hufunga mwezi wa Mei. Bahari huwa na mawimbi mpaka Septemba, ingawa kati ya Julai na Septemba nyangumi wa nundu hupita nje ya mwamba, na kuna boti za kwenda kuwatazama. Oktoba na Novemba, wakati wa matlai, ndiyo miezi ninayoipenda. Upepo umetulia, bei hazijapanda, na maji yameanza kusafika.

Hatua ya pili: fika jana yake

Siku ya kupumzika haianzi kwenye gari. Ukitoka Nairobi, kuna treni ya SGR mpaka Mombasa, kuna mabasi ya usiku, na kuna ndege za kutua Malindi. Kutoka Mombasa panda matatu ya Malindi, mwambie utingo akushushe Gede, kisha chukua tuktuk au bodaboda kwa kilomita chache zilizobaki mpaka Watamu. Fika jioni, ule, ulale.

Kuhusu chumba, nitakuambia ninachofanya mimi. Sitafuti chumba kinachotazama bahari, maana siku nzima nitakuwa baharini. Natafuta nyumba ya wageni ndani ya mji, mahali ninapoweza kwenda ufukweni kwa miguu na kurudi kulala mchana bila kupanda chochote. Hakikisha kuna chandarua na feni.

Utakavyobeba viwe vichache: viatu vya plastiki au vya turubai vyenye kufunga mguu, shati la mikono mirefu la kuogelea nalo, kofia, chupa ya maji ya kujazwa tena, lesso mbili au kikoi, kitambulisho na pesa ndogondogo. M-Pesa inafanya kazi kila pembe, lakini mama wa mahamri hatafuti noti ya elfu moja alfajiri. Chupa za plastiki za kutumia mara moja ziache nyumbani. Tangu tarehe 5 Juni 2020, Kenya imezipiga marufuku katika hifadhi na fukwe zake.

Hatua ya tatu: alfajiri, ingia majini kabla ya chai

Ufukwe wa Watamu unatazama mashariki. Jua linatoka baharini, saa kumi na mbili hivi, nyuma ya visiwa vya mawe vilivyoliwa chini na mawimbi mpaka vikawa kama uyoga. Ukiwa umechagua siku ya bamvua, maji yalijaa usiku wa manane kuelekea alfajiri na sasa yanaanza kurudi, kwa hiyo bado yako kiunoni karibu na ufuo. Ogelea nusu saa. Saa hizo utawakuta wazee wachache wakitembea na mbwa mmoja wawili, basi. Hakuna kelele wala muuzaji.

Angalizo la pekee: maji yanayotoka huvuta, hasa kwenye mifereji iliyo kati ya visiwa. Baki ndani ya ghuba, na kama huna uzoefu usipite kina cha kifua.

Ukitoka, jifunge lesso kabla hujaingia mjini. Ndani ya mji ni kijiji cha Waislamu, na watu wake ni wapole kiasi kwamba hawatakuambia neno ukipita na nguo za kuogelea; watainamisha macho tu. Mgeni mwema hasubiri kuambiwa. Funika mabega na mapaja, wanaume pia.

Kisha tafuta mahamri. Fuata harufu ya hiliki kwenye vichochoro, utamkuta mama amekaa kwenye kigoda mbele ya karai. Simama umtazame kidogo, kwa sababu ni kazi ya kutazamwa. Anakata unga uliokandwa kwa tui la nazi katika pembe tatu, anautelezesha kwenye mafuta kutoka ukingoni. Hamri linazama, linakaa chini kana kwamba limekata tamaa, kisha linapanda. Hapo anachota mafuta kwa upawa na kulimwagia mgongoni, mara mbili, mara tatu, nalo linafura mpaka linajigeuza lenyewe. Likiwa la moto hivyo, ukilipasua, hewa ya hiliki inakupiga usoni. Kula na mbaazi za nazi, si na siagi. Mbaazi nzuri ni zile ambazo tui limebaki zito juu yake, na punje haijapondeka.

Kabla hujaondoka hapo, agiza chakula chako cha mchana, ama kwa mama huyohuyo ama kwa hoteli ndogo ya jirani. Samaki wa kupaka hapikwi kwa dakika kumi. Huchomwa kwanza kwenye makaa, hupakwa tui lililopikwa na ukwaju na pilipili mpaka likawa zito, kisha hurudishwa motoni. Ukimwambia mpishi saa mbili asubuhi kwamba utakula saa saba, atakwenda kuwapokea wavuvi mwenyewe na kukuchagulia changu au kolekole aliye mbichi. Ukimshtukiza saa saba, utakula kilichobaki.

Hatua ya nne: maji yapwapo, tembea polepole

Kuanzia saa tatu na nusu utaona visiwa vinaota miguu. Saa nne unaweza kutembea mpaka kwenye vingine bila kulowa zaidi ya magoti. Vaa viatu. Ndara zitakuvuka kwenye tope la majani, na miguu mitupu ni hatari, kwa sababu katika nyufa za mawe hukaa yule mnyama mweusi wa miiba mirefu kama sindano, na mwiba wake hukatikia ndani ya nyama.

Nenda mpaka kwenye kidimbwi kimoja, kile ulichokipenda, ukae. Watu wengi hupita vidimbwi ishirini kwa robo saa na kurudi wakisema hawakuona kitu. Chuchumaa kwenye kimoja, kivuli chako kisianguke majini, na hesabu mpaka mia. Kwanza utaona maji matupu na mchanga. Ukifika thelathini hivi, kitu ulichodhani ni kokoto kitatembea: ni kaa mdogo ndani ya ganda la kuazima. Samaki wa urefu wa kucha watatoka chini ya jiwe, wenye mistari ya manjano na samawati. Jongoo bahari amelala kama soksi iliyosahauliwa. Kiti cha pweza, kile kiumbe cha umbo la nyota ulichodhani kimetulia, kimesogea upana wa kidole tangu ulipoketi. Na ukiwa na bahati, kutoka kwenye ufa kichwa cha mkunga kitachungulia, mdomo ukifunguka na kufunga. Mpwa wangu, yule aliyeniuliza bahari imekwenda wapi, sasa ana miaka kumi na minne, na hiki ndicho kitu cha kwanza anachokitaka tukifika.

Usiguse wala usibebe chochote, hata kauri moja tupu. Ganda tupu ni nyumba ya kaa wa kesho. Na isitoshe, hapa ni ndani ya hifadhi. Hifadhi ya Bahari ya Watamu ilitangazwa mwaka 1968, pamoja na ile ya Malindi, zikiwa za kwanza nchini Kenya. Kutembea juu ya matumbawe hai pia ni kosa. Tembea kwenye mchanga na mawe makavu, na ukifika mahali ambapo huna pa kukanyaga ila juu ya kitu chenye uhai, geuka.

Sasa sikiliza hili vizuri. Maji yakishafika mwisho wa kupwa, yaani ile saa uliyoambiwa na mzee, anza kurudi. Mara yanapogeuka, huanza taratibu, na mtu hudhani ana muda. Lakini saa ya tatu na ya nne baada ya kugeuka ndizo yanapokimbia, na hayaji kwa mbele tu kama unavyotarajia. Huingia kwanza kwenye mifereji iliyo nyuma yako, kati yako na ufuo, wakati wewe bado umesimama pakavu ukipiga picha. Ukiwa na watoto, ondoka mapema zaidi.

Wapo watakaopenda kwenda kwa boti kuona matumbawe badala ya kutembea. Ni jambo zuri sana wakati wa kaskazi, na kwa kawaida nahodha mwenyewe atakuambia saa ya maji inayofaa. Patana kabla ya kupanda, na upatane mambo yote: bei ni ya boti nzima au ya kichwa, ada ya hifadhi imo au haimo, miwani na mrija vipo, jaketi okozi ni ngapi, mtarudi saa ngapi. Mimi niliwahi kupatana bei nzuri mno, na tulipofika kwenye matumbawe ndipo nikaambiwa kwamba ilikuwa ya kwenda tu. Tangu hapo nalipa nusu, nyingine nikishakanyaga mchanga. Ada ya hifadhi hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, na mwananchi hulipa kiasi kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo kitambulisho kiwe karibu. Na nahodha akitoa mkate wa kuwarushia samaki, mkatalie kwa upole. Samaki wa matumbawe ana kazi ya kula mwani unaoyasonga matumbawe. Akizoea mkate, kazi hiyo haifanyiki.

Kuhusu vijana wanaouza safari ufukweni: wasalimie, kwa sababu ni watu na wako kazini. Usiseme "kesho", maana kesho atakuja, na atakuwa na haki. Sema, "Leo napumzika tu, kaka, ahsante." Ukihitaji boti au tuktuk, chagua mmoja, mwite kwa jina lake, na umwachie yeye shughuli zako zote. Wengine wakijua una mtu wako, watakuacha.

Hatua ya tano: adhuhuri si ya kufanya kitu

Kula, oga maji baridi, lala. Sina la kuongeza kwenye hatua hii isipokuwa kwamba watu huiruka, nao ndio wanaorudi nyumbani wamechoka kuliko walivyokuja. Kama unalala nje, tandika mkeka chini ya mwarobaini au mkungu, kamwe usitandike chini ya mnazi wenye nazi.

Hapa ndipo kishawishi cha Gede huja. Mtu anaona yuko karibu na magofu, anasema ngoja nipitie. Nakusihi usiitie Gede kwenye siku hii. Gede ni mji mzima wa mawe uliokaliwa kwa karne kadhaa na kuachwa mwanzoni mwa karne ya 17, na mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kuna kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Kuna msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima virefu, na mizizi ya miti iliyokumbatia kuta. Mahali kama hapo hapapitiwi kwa saa moja na tumbo limejaa. Ipe asubuhi yake. Siku ya maji mafu inafaa, na kivuli cha msitu ule kitakulinda na jua.

Ukiamka, kama saa tisa kasoro, tembea ukanunue aiskrimu. Watamu wanaitengeneza kwa namna ya Kiitaliano, na ni nzuri. Usishangae ukimsikia muuza madafu akijadiliana bei kwa Kiitaliano fasaha. Uhusiano wa Waitaliano na pwani hii ni wa siku nyingi. Katika miaka ya 1960 wataalamu wao walijenga kituo cha kurushia satelaiti baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, na kutoka hapo ilirushwa satelaiti iliyoitwa Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Uhuru wa Kenya. Nawaambia watoto habari hii kila mara tukila aiskrimu. Nataka wajue kwamba jina la Kiswahili lilipanda angani kutoka kwenye maji haya wanayoogelea.

Hatua ya sita: alasiri, maji yamerudi

Hii ndiyo saa tuliyoikosa siku ile. Kuanzia saa tisa maji yanapanda juu ya mchanga uliokuwa ukiungua tangu asubuhi, na kwa hiyo huja vuguvugu. Visiwa vimekuwa visiwa tena. Jua limeshapita upande wa nchi kavu, liko mgongoni mwako, na kivuli cha minazi kinaanza kuufuata ufuo. Watoto wa Watamu wakitoka shule na madrasa hujitupa humo na mipira na vipande vya mbao. Ingia nao. Kaa mpaka vidole vikunjike.

Vaa lile shati la mikono mirefu. Linashinda mafuta yoyote ya kujipaka, na halimwagi kitu majini.

Hatua ya saba: jua la kuzama, nenda Mida

Kwa kuwa ufukwe unatazama mashariki, ukikaa pale kungojea machweo utaona giza tu likija. Machweo ya Watamu yako nyuma ya mji, kwenye mkono wa bahari wa Mida. Saa kumi na moja kasoro robo, mwambie dereva wako wa tuktuk akupeleke Dabaso, na mpatane kabisa bei ya kukusubiri au saa ya kukufuata, kwa sababu gizani usafiri ni wa shida.

Dabaso kuna kikundi cha wanakijiji wanaotunza mikoko na kufuga kaa. Wamejenga njia ya mbao inayopita juu ya mikoko mpaka kwenye hoteli yao ya makuti iliyo juu ya maji. Agiza sambusa za kaa na maji ya ukwaju. Sambusa zao ni ndogo, ukoko mwembamba, na ndani ni kaa mtupu na dania na pilipili kidogo. Kaa kwenye ukingo wa mbao, miguu ikining'inia, ule polepole. Chini yako, ukiwa umeyafuata maji kama nilivyokuelekeza, bahari imeingia mpaka kwenye majani ya chini ya mikoko, na mizizi yote imezama. Muombe mmoja wa vijana wa kikundi akuonyeshe mkoko wenyewe, mchu na mkandaa, na akueleze upi hutoa boriti na upi hutoa rangi. Wanajua, na hupenda kuulizwa.

Kuanzia Agosti mpaka Aprili, tazama vipande vya mchanga vilivyobaki wazi. Utawaona ndege weupe wenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mnene mweusi wa kuvunjia kaa. Hutaga mayai katika mashimo ya mchanga kwenye pwani za Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu, kisha huja kwetu, njia ileile waliyokuwa wakiishika manahodha wa majahazi. Wakati huo wa jioni wamesimama pamoja wakingojea tope lifunuke. Maji yakianza kutoka, mmoja hushuka, wa pili humfuata, na ghafla wote wametawanyika kazini.

Kuna njia nyingine ya mbao upande wa Mida yenyewe, inayoning'inia kati ya mikoko mpaka kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Ada yake huingia kwenye mfuko wa karo za watoto wa sekondari wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko Sokoke na mkono huu wa bahari. Ukiwa na jioni ya pili, hiyo ndiyo yangu ya kukupendekezea.

Jua linapozama, shusha mikono ya shati na ufunike miguu. Mbu wa Mida hawachelewi.

Hatua ya nane: usiku

Rudi mjini kwa miguu yako kutoka pale tuktuk inapokushusha. Baada ya sala ya isha vichochoro huchangamka: viazi karai na chatini ya ukwaju, mishkaki, mkate wa kumimina, kahawa tungu kwenye vikombe vidogo na kashata ya kuisindikiza. Kula kidogo hapa, kidogo pale. Hapa ndipo utakapokutana tena na yule mama wa mahamri, au yule mzee wa asubuhi, naye atakuuliza, "Je, uliyapata maji?"

Ukitaka kutembea ufukweni usiku, tembea bila tochi, macho yatazoea, na mwezi mpevu unatosha. Kasa hupanda kutaga kwenye fukwe hizi, na watoto wao wakiangua huufuata mwangaza wakidhani ni bahari. Taa moja tu ya simu inaweza kuwapeleka barabarani. Ukiona kasa, simama mbali, kaa kimya, na umwambie mwenyeji wako kukicha ili wanaohifadhi kasa wapate habari.

Suuza viatu chumvi, tundika lesso ikauke. Halafu weka saa ya kuamka. Kesho maji yatachelewa kidogo: saa ile uliyoogelea leo alfajiri yatakuwa bado mengi zaidi, na kule miambani hakutafunguka mpaka karibu saa tano. Kwa hiyo kesho unaweza kulala nusu saa ya ziada.